Mita 26 za Semaglutidi na Dawa Asiyoiulizia Mgonjwa

Machi 2025, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo uliofanyika Chicago, yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao STRIDE, na jarida la The Lancet likayachapisha. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao mishipa ya miguu yao imeziba kiasi cha kuumia wakitembea walichomwa semaglutidi, ile sindano inayouzwa kwa jina la Ozempic. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wanatembea mbali zaidi kuliko wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa. Habari ilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ilikuwa imeshatiwa chumvi: sindano ya kupunguza unene sasa inazibua mishipa. Wengine wakaipuuza kabisa, wakisema ni kelele za kampuni inayotafuta soko jipya. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeisoma habari hii vibaya. Semaglutidi haizibui mshipa, wala hakuna kidonge kinachozibua. Dawa za maumivu haya hupimwa kwa mita, na mita zenyewe huwa chache. Lakini kubwa zaidi ni kwamba dawa anazozihitaji mgonjwa huyu kabla ya nyingine zote ni zile ambazo hazitampunguzia maumivu hata kidogo. Kwa sababu hiyo haziulizii, na mara nyingi hapewi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Lehemu na chokaa hujijenga taratibu kwenye kuta za ateri zinazopeleka damu miguuni, njia ikawa nyembamba. Mtu akiwa amekaa, misuli ya kigimbi hutosheka na damu hiyo ndogo inayopita. Akianza kutembea misuli inadai oksijeni zaidi, haiipati, na maumivu yanaanza kubana: kwa wengi ni kwenye kigimbi, kwa wengine pajani au makalioni, kutegemea mshipa umeziba wapi. Akisimama dakika chache yanaondoka. Akitembea tena umbali uleule, yanarudi. Wanaochochea ni wale wale tunaowajua kutoka kwenye magonjwa ya moyo: sigara, kisukari, presha, lehemu nyingi na umri. Makadirio ya mwaka 2015 yaliweka idadi ya wenye ugonjwa huu duniani kuwa zaidi ya milioni 230, na wengi wao hawana dalili yoyote au wana dalili wanazozipa jina jingine. Mjomba wangu mmoja alisifika mtaani kwa ukarimu, kwa sababu kati ya nyumbani kwake na msikitini hakuna baraza alilopita bila kusimama, kuuliza hali na kungoja jibu hadi la mwisho. Ilichukua muda mrefu familia kuelewa kwamba salamu zile zilikuwa mapumziko ya mguu wa kushoto.

Kwetu kila maumivu ya miguu hutupwa kapu moja la uzee au baridi yabisi, na hapo ndipo matibabu yanapoanza kupotea njia. Mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari huwaka moto na kutia ganzi, mara nyingi usiku, hata kama mtu hajatembea. Uti wa mgongo uliobana neva huuma mtu akisimama au kutembea, na hupoa akikaa au akiinama mbele. Maumivu ya mshipa uliopungukiwa na damu hupoa kwa kusimama tu. Tofauti hiyo ndogo, ambayo mgonjwa anaweza kuieleza kwa sentensi moja akiulizwa, huamua dawa yote inayofuata. Na kama maumivu yamefika hatua ya kuja usiku mtu amelala, akalazimika kuning'iniza mguu nje ya kitanda ili upate nafuu, au kuna kidonda kisichopona kwenye vidole, hapo hatuzungumzii tena habari ya vidonge. Huyo anahitaji daktari wa mishipa haraka, kabla ya kisu cha kukata mguu.

Sasa kuhusu dawa. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani kwa maumivu haya ilikuwa pentoksifilini, mwaka 1984. Ilisemekana inalainisha chembe nyekundu za damu zipite kwa urahisi kwenye mishipa myembamba. Mwaka 1999 ikaruhusiwa silostazoli, dawa iliyotoka Japani, ambayo hutanua mishipa na kuzuia chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoigandisha, kushikamana. Mwaka 2000 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliozishindanisha uso kwa uso, pamoja na plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Wagonjwa 698 walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliomeza silostazoli waliongeza umbali wa kutembea kwa wastani wa mita 107. Wa pentoksifilini waliongeza mita 64. Wa plasibo, mita 65.

Namba hizo mbili za mwisho zinastahili kusomwa polepole. Dawa iliyoandikiwa wagonjwa kwa miaka 15 haikuishinda plasibo hata kwa mita moja. Na waliomeza plasibo nao waliongeza mita 65, kwa sababu mtu aliyeingia kwenye utafiti hupimwa, hutiwa moyo, hujaribu tena, huzoea mashine, na pengine huanza kutembea zaidi nyumbani. Kwa hiyo jirani akikuambia alikunywa mizizi fulani au vidonge vya mimea vya kutoka mtandaoni na sasa anafika sokoni bila kusimama, huenda hasemi uongo. Amefika kweli. Swali ni kama angefika pia bila mizizi. Tiba yoyote ya miguu inayouzwa kwa ushuhuda peke yake inapaswa kwanza iruke kizingiti hicho cha mita 65, na nyingi hazijawahi hata kupelekwa uwanjani.

Silostazoli ilikiruka, lakini ina masharti yake. Haifai kabisa kwa mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, na onyo hilo limeandikwa kwa uzito wa juu kuliko mengine yote kwenye maelezo ya dawa hiyo Marekani. Huleta maumivu ya kichwa, kuharisha na mapigo ya moyo kwenda mbio. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula au saa mbili baada yake, na hupunguzwa kwa mtu anayetumia dawa kama omeprazoli au erithromaisini, dawa ambazo watu wengi hujinunulia bila kumwambia daktari. Ndiyo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliibana: ipewe tu yule ambaye kuacha sigara na mazoezi havikumsaidia, na baada ya miezi 3 apimwe kuona kama imemfaa. Uingereza nayo ilishapima faida na gharama mwaka 2011, ikaiacha silostazoli na kupendekeza dawa nyingine, naftidrofurili, ambayo Marekani haiuzwi. Mwongozo wa Marekani wa 2024 bado unaipendekeza silostazoli. Mataifa tajiri yenyewe hayajakubaliana ni kidonge gani kinastahili, na hiyo peke yake inakuonyesha jinsi tofauti kati ya dawa hizi ilivyo ndogo.

Katika mandhari hiyo ndipo STRIDE iliingia. Wagonjwa 792 kutoka nchi 20 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakachomwa semaglutidi ya miligramu 1 kila wiki, nusu plasibo, kwa wiki 52. Walitembezwa kwenye mashine yenye mwinuko wa asilimia 12 kwa mwendo wa kilomita 3.2 kwa saa hadi miguu ikakataa. Mwanzoni mgonjwa wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu wako chini yake, alikuwa anafika chini kidogo ya mita 200. Mwisho wa mwaka, ongezeko la waliopata semaglutidi liliwazidi wa plasibo kwa asilimia 13, na kwa mgonjwa wa katikati tofauti ilikuwa mita 26 hivi. Walipoulizwa kuhusu maisha yao ya kila siku, wa semaglutidi walijibu vizuri zaidi pia.

Wanaobeza wanasema mita 26 ni kutoka mlangoni hadi getini. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau ule mwinuko. Asilimia 12 ni kilima cha kweli. Mtu anayeongeza mita 26 akipanda hupata nyingi zaidi kwenye barabara tambarare. Inasahau pia kwamba ugonjwa huu, ukiachwa, huelekea kupunguza umbali mwaka hadi mwaka. Kwa mtu ambaye kituo cha daladala kiko mita 30 mbele ya pale mguu wake unapogoma, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya kwenda kazini na kukaa nyumbani. Nakubali kwamba kampuni inayotengeneza dawa ndiyo iliyogharamia utafiti, na msomaji makini lazima aliweke hilo akilini. Hata hivyo mgawanyo wa bahati nasibu, plasibo na idadi ya watu vinaipa STRIDE nguvu kuliko nyingi zilizotangulia kwenye uwanja huu.

Wanaoshangilia nao wana lao. Wanasema sindano moja inashusha sukari, inapunguza uzito, inalinda moyo, na sasa inasaidia miguu, kwa nini mgonjwa asipewe? Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye tatizo hili, ambaye anaimudu na hana kizuizi, sioni sababu ya kumnyima. Lakini utafiti ulihusu wenye kisukari cha aina ya pili tu, tena ambao ugonjwa wa miguu haujakomaa. Hautuambii chochote kuhusu mvuta sigara asiye na kisukari, wala mwenye kidonda. Dawa yenyewe hutia kichefuchefu, hutapisha na kuharisha. Mgonjwa anayeitumia pamoja na insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia. Mzee mwembamba akipungua uzito hupungua pamoja na misuli, na misuli ya mguu ndiyo aliyoijia kliniki. Tena sindano isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, na friji ya kijijini inategemea umeme tunaoujua.

Uwanja huu umewahi kutupa somo la uchungu kuhusu kushangilia mapema. Mwaka 2013 jarida la JAMA lilichapisha utafiti kutoka Australia uliodai kwamba ramiprili, dawa ya presha ya bei nafuu, iliongeza muda wa kutembea kwa zaidi ya dakika 4. Ilikuwa habari ya kupendeza mno: dawa ya zamani, rahisi, inayopatikana kila mahali. Mwaka 2015 makala hiyo iliondolewa baada ya mmoja wa watafiti kukiri kwamba takwimu zilibuniwa. Ramiprili bado ni dawa nzuri ya kulinda moyo wa mgonjwa kama huyu, ila zile dakika hazikuwapo. Mwaka 2025 metifomini nayo, ambayo wengi walitumaini ingesaidia hata wasio na kisukari, ilijaribiwa na haikuongeza umbali. Kisukari na miguu vina uhusiano mkubwa, lakini si kila dawa ya sukari ni dawa ya miguu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isiyoandikwa popote ila inatekelezwa kila siku kwenye maduka ya dawa: kama mguu unauma, mpe dawa ya maumivu. Mzee anaingia, anaamkiwa, anaitikia marahaba, anasema miguu inambana akitembea. Anatoka na diklofenaki, vitamini B na maelekezo ya kumeza mara mbili kwa siku baada ya kula. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini diklofenaki imetengenezwa kwa ajili ya uvimbe na maumivu ya viungo, na kigimbi kinachokosa oksijeni hakina uvimbe wa kutulizwa. Maumivu yake huondoka yenyewe kwa dakika chache za kusimama, kwa hiyo kidonge kinameza sifa ambazo ni za mapumziko. Ubaya wake si kupoteza pesa tu. Dawa za kundi hilo hupandisha presha, huumiza figo, na diklofenaki hasa huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mwenye mishipa ya miguu iliyoziba ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, na pengine figo zilizochoshwa na kisukari. Ni vigumu kumpata mtu asiyefaa kupewa diklofenaki kila siku kuliko yeye.

Tumefika kwenye kiini. Takwimu ambazo madaktari wa Marekani walizitumia kwenye mwongozo wao wa 2005 zinaonyesha kwamba katika miaka 5, kati ya watu 100 wenye maumivu haya ya kutembea, 1 au 2 tu ndio hufikia hatua ya mguu kukosa damu kiasi cha kuhatarisha mguu wenyewe. Kama 20 hivi hupata mshtuko wa moyo au kiharusi wakapona, na 15 hadi 30 hufariki, wengi wao kwa sababu ya moyo na mishipa. Wenye kisukari na wavutaji sigara hali yao ya mguu ni mbaya kuliko wastani huo. Hata hivyo picha iko wazi: mgonjwa anaogopa kukatwa mguu, wakati kinachomnyemelea kiko kifuani na kichwani. Kigimbi kinachobana ni king'ora cha moto kwenye jengo zima, nasi tunatafuta namna ya kukizima kelele.

Dawa za jengo zima zipo, na si ngeni. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu 20,536 wakiwamo zaidi ya 6,700 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, ulionyesha kwamba simvastatini ya miligramu 40, dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio ya aina hiyo kwa karibu robo. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilishindanishwa na aspirini kwenye utafiti wa mwaka 1996, na kwa kundi la wagonjwa wa miguu ikapunguza matukio hayo kwa karibu asilimia 24 zaidi ya aspirini. Baadaye ikaja nyingine ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani ya dozi ndogo, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini, ambayo mwaka 2020 ilithibitika kuwasaidia waliozibuliwa mishipa kwa upasuaji au puto, ingawa kwa gharama ya kutokwa damu zaidi kwa baadhi yao. Ongeza dawa ya presha. Nyingi kati ya dawa hizi zina matoleo ya bei nafuu yanayotoka India na kwingineko, nazo ni vidonge visivyohitaji friji. Na mgonjwa akizimeza mwezi mzima hataona tofauti yoyote barabarani. Hapo ndipo anapoziacha. Anarudi kwenye diklofenaki, kwa sababu angalau ile ilimfanya ajisikie ametibiwa.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, tuache habari za vidonge vya miguu, watu watembee tu. Ushahidi wa mazoezi kweli ni mzuri kuliko wa dawa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuta kwamba waliofanyishwa mazoezi waliongeza wastani wa mita 120 kwenye umbali wao wa mwisho kuliko wasiofanya. Hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na mita 26 za STRIDE, kwa sababu mashine na vipimo vilitofautiana, lakini hakuna kidonge kilichokaribia. Kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2012, wagonjwa walioziba mishipa mikubwa ya tumboni kwenda miguuni waliongeza dakika 5.8 za kutembea kwa mazoezi ya kusimamiwa, na dakika 3.7 kwa kuwekewa stenti, kijibomba kinachoshikilia mshipa uwe wazi. Hata wale wa dawa peke yake, silostazoli ikiwamo, walipata dakika 1.2 tu.

Ila neno "tu" kwenye "watembee tu" linaficha kazi kubwa. Mazoezi yaliyoleta matokeo hayo yana utaratibu: mtu hutembea hadi maumivu yawe makali kiasi, husimama yapoe, huanza tena, kwa nusu saa hadi saa, mara tatu kwa wiki, kwa miezi isiyopungua mitatu, huku mtu mwenye ujuzi akimsimamia. Uingereza inapendekeza saa mbili za usimamizi kwa wiki. Kumwambia mama wa miaka 65 anayeishi kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zikimpita begani, akatembee hadi aumie, kisha kumwacha aende peke yake, ni kumtupia mzigo na kuuita ushauri. Tena mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anaweza kutembea juu ya kidonda bila kujua, na mwenye moyo dhaifu anahitaji kuchunguzwa kwanza. Kwa watu kama hao kidonge kinachoongeza mita chache si anasa.

Haya yote yana maana ya haraka kwetu, kwa sababu bei ya semaglutidi haitabaki ilipo. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa makundi fulani ya wenye kisukari cha aina ya pili, na mwaka 2026 ndio hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, inaisha India, nchi inayotuletea sehemu kubwa ya dawa zetu. Matoleo ya bei nafuu yatakuja, na pamoja nayo matangazo. Bima na bohari za dawa zitaulizwa kwa nini haziinunui. Jibu langu ni kwamba ina nafasi yake, lakini ni nafasi ya nne au ya tano. Kwanza kuacha sigara na kupewa statini, kisha dawa moja ya kuzuia damu kuganda, kisha presha na sukari, kisha mazoezi yenye msimamizi. Kwa makadirio ya mwaka 2021 Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, zaidi ya nusu yao wakiwa hawajagunduliwa. Kulipia sindano kwa wachache huku kliniki zao zikiishiwa atorvastatini ni kupanga bajeti kwa kufuata habari za mtandaoni.

Na kabla ya dawa yoyote kuna kipimo. Mgonjwa analala chali, anapumzika kama dakika 10, anapimwa presha ya mikono yote miwili na ya vifundo vyote viwili vya miguu kwa mashine ndogo ya Dopla, inayosikiliza mtiririko wa damu na kushikwa mkononi. Presha ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Ikiwa 0.90 au chini, mshipa umeziba, ikizidi 1.4, mshipa umekakamaa kwa chokaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu, na kipimo kirudiwe kwenye kidole gumba. Nesi anaweza kufundishwa kazi hiyo. Kliniki nyingi za kisukari zinampima mgonjwa uzito, sukari na presha ya mkono kila anapokuja, na anaondoka viatu vikiwa bado mguuni. Fedha ya kwanza ya miguu iende hapo.